Dakika Mbili za Muuza Mazulia

Odessa Tolliver alichukua pichi moja mezani, akainusa, akairudisha kwa dharau. Ilikuwa Jumamosi ya Agosti, na soko la Haymarket mjini Lincoln, Nebraska, limefurika watu hadi mabegani.

"Hii ndiyo mnaiita pichi?"

"Sisi huku tunaila tu, hatuihoji," ilijibu sauti nyuma yake.

Aligeuka. Mwanamume mrefu, shati la drafti lililofifia, ufunguo wa kukazia nyaya za piano umechomoza mfukoni. Naye alimtazama Odessa, gauni lake la kitani la njano na kofia pana ya Savannah, akasahau alichokuja kununua.

"Emil Kubicek. Fundi wa piano. Na wewe, dada wa pichi?"

"Nauza mazulia," alisema Odessa bila kupepesa.

Odessa alikuwa mshauri wa ndoa, na huo ulikuwa uongo wa kikazi ambao washauri wengi wanaujua. Ukimwambia mgeni ukweli, ama atakusimulia talaka yake yote kabla hajalipia mboga, ama atafunga mdomo akidhani unamchambua. Kwa miaka kumi na moja kule Savannah, Georgia, kabla ya kuhamia Nebraska, Odessa alikuwa "ameuza mazulia" kwenye ndege, harusi na saluni. Alikusudia kumwambia Emil ukweli wakionana mara ya tatu. Ya tatu ikapita, na ya kumi pia, kwa sababu alikuwa ameshapenda na hakutaka kuharibu.

Nani asingempenda? Alimletea kolache za moto, vile vimkate vitamu vya Kicheki vyenye matunda, kila Jumapili. Usiku hata barabara ikiwa tupu kabisa, Emil alisimama kwenye taa nyekundu akangoja.

"Hakuna gari, mpenzi," Odessa alimtania. "Hata paka hayupo."

"Taa ipo," alijibu Emil, akambusu shavuni mpaka ikageuka kijani.

Odessa hakumwambia pia kwamba usingizi wake ulikuwa wa mang'amung'amu. Leseni ya Georgia haikumruhusu kumshauri hata mtu mmoja Nebraska mpaka bodi ya jimbo ilinganishe masomo na rekodi yake na masharti ya huku, kisha ipige kura. Kliniki moja ya Lincoln ilikuwa imemshikia nafasi ya kazi hadi mwisho wa Oktoba, na bodi ingekaa tarehe kumi na nne mwezi huo. Ikiahirisha jina lake, angefunga mizigo arudi Savannah.

Wiki moja kabla ya kikao, akikaanga bamia, simu ililia.

"Naam, fundi wangu. Umekumbuka kula leo?"

"Dessa, hivi kweli unauza mazulia?"

Mwiko ulibaki hewani. "Nani kakwambia?"

"Siruhusiwi kusema."

"Huruhusiwi na nani?"

"Siruhusiwi hata kuongea na wewe. Simu hii yenyewe ni kosa."

"Emil, una mke?"

Simu ikakatika. Alipiga mara tisa, haikupokelewa. Yeye aliyewaambia mamia ya wanandoa wasinuniane alikaa sakafuni jikoni, bamia zikaungua, akalia kwa hasira na kwa aibu. Uongo wake mwenyewe ulimkaba, asijue aanze kumlaumu nani.

Tarehe kumi na nne alivaa suti ya bluu na hereni za lulu za mama yake, akaenda kwenye kikao kwa kuwa mwombaji huenda akaulizwa maswali. Alipokaa, aliinua macho. Kwenye meza ndefu ya wajumbe, nyuma ya kibao kilichoandikwa Mwakilishi wa Wananchi, kiti cha raia asiye mshauri, alikaa Emil.

Hakumtazama. Jina la Odessa liliposomwa, alisimama akatoka nje na kufunga mlango.

"Mjumbe Kubicek amejiondoa," alisema mwenyekiti, Bi. Hazel Ostrander, mama wa nywele nyeupe na miwani ya mnyororo. "Sababu yake inaingia kwenye kumbukumbu. Nasoma: 'Nimekuwa na mwombaji huyu tangu Agosti, bila kujua kazi yake wala yeye kujua nafasi yangu hapa. Nilipofungua faili nikaona picha yake, niliagizwa nisiwasiliane naye. Ndiye mwanamke ninayekusudia kumuoa, kama atanitaka baada ya wiki hii.'"

Odessa alishika kiti cha mbele yake. Ukumbi mzima ulikuwa unamtazama.

"Bi. Tolliver," aliuliza mjumbe mmoja, "miezi miwili mko pamoja, na hamkuambiana?"

"Alinitajia piano. Mimi nikamtajia mazulia." "Nilimdanganya. Hiyo ni yangu, si yake."

"Mazulia," alisema mjumbe huyo, naye mshauri wa ndoa. "Mimi husema natengeneza saa."

Wakacheka, hata karani. Kisha wakapiga kura: sita ndiyo, hakuna hapana. Leseni ilikuwa yake, na Odessa hakuisikia vizuri, kwa maana mlango ulifunguliwa na Emil alikuwa anarudi kwenye kiti chake, masikio mekundu.

Mwishoni mwenyekiti alifungua muda wa wananchi kutoa maoni, dakika mbili kila mtu. Odessa alienda kwenye kipaza sauti.

"Jina na anwani, kwa kumbukumbu."

"Odessa Tolliver. Anwani itategemea." Alimgeukia Emil. "Maoni yangu ni kwamba mjumbe mmoja ameiambia serikali anataka kuoa, na mwenyewe hajaniambia. Nimelia wiki nzima nikidhani ana mke. Naomba aniulize mimi."

"Bwana Kubicek," alionya mwenyekiti, "unajua wajumbe hawajibu maoni ya wananchi."

"Najua, mama," alisema Emil.

Na mtu yule aliyengoja taa nyekundu kwenye barabara tupu alisimama.

"Dessa, utakubali nikuoe?"

Odessa alimgeukia karani. "Nimebakiwa na sekunde ngapi?"

"Kumi na moja."

"Zinatosha. Andika ndiyo."