Mkebe wa Alice

Alice wa kijiji cha Kanja alikuwa na mkebe juu ya kabati. Kila mtu wa nyumba ile alipopona, vidonge vilivyobaki vilitiwa humo. Alice hakutupa hata punje ya mahindi, seuze dawa!

Basi binti yake Cicily akashikwa na homa. Alice akampa dawa ya malaria aliyoibakisha mumewe, Njuki, aliporudi mgonjwa kutoka kuvuna ndengu Mbeere. Homa ikakataa. Akampa kapsuli tatu za kikohozi cha mwaka jana. Homa ikapoa, kisha ikarudi kwa nguvu. Siku ya sita mtoto hakuweza hata kuketi. Alice aliogopa sana. Wakapanda bodaboda hadi hospitalini, Runyenjes.

Nyaga, mtaalamu wa maabara aliyekuwa akitafiti visababishi vya homa, akamtoa Cicily damu.

"Hana malaria," alisema.

"Hana? Na anachemka hivi! Daktari, hiyo mashine yako iko sawa?"

"Iko sawa, mama. Homa si ugonjwa mmoja. Damu nyingine tutaiotesha, yaani kilichomo tukikuze, tujue ni kijidudu gani, na kinauawa na dawa gani."

Cicily akalazwa. Siku ya tatu Nyaga akaleta jibu. Ilikuwa homa ya matumbo, yaani taifodi, na zile kapsuli za mkebe haziiwezi.

Alice akachanganyikiwa kabisa. "Kwani mwili wake umezoea dawa?"

"Si mwili, mama. Ni vijidudu. Ukivipiga na dawa nusunusu, vile dhaifu hufa. Vile sugu hubaki na kuzaana. Hata mtu mwingine akivipata, dawa ile haitamsaidia."

"Wacha! Kumbe ni mimi nimekuwa nikivilea?"

"Si wewe peke yako. Sasa atumie dawa hii siku saba, hata akijisikia mzima. Na maji ya kunywa mchemshe."

Siku ya tano ya dawa hiyo Cicily alikuwa nyumbani, anafukuza kuku. Alice akaitazama dawa iliyobaki. Mkono ukaenda wenyewe kwenye mkebe.

"Mama, si nimepona?" Cicily akauliza.

Alice akasimama pale pale. Mtoto mzima, dawa nzuri, ya nini kuimaliza? Kusema kweli, maneno ya Nyaga hayakuwa yamemwingia yote. Lakini aliikumbuka ile siku ya sita, akaurudisha mkono.

"Hata mimi sielewi yote," alisema. "Wewe meza tu."

Cicily akameza, siku hiyo na mbili zilizofuata, mpaka dawa ikaisha. Homa haikurudi.

Mwezi uliofuata Njuki alianza kukohoa. Akaufikia mkebe, akaufungua, akakuta chumvi.

"Mama Cicily, dawa ziko wapi?"

"Nilizirudisha hospitalini," alijibu Alice, huku akimpa koti lake. "Nenda wakupime kwanza."