Asubuhi Atuganile Alipoacha Kutapika

Uyole, kule Mbeya, kuna baridi ya kung'ata masikio. Hapo ndipo wanapoishi Atuganile na mumewe, Yotamu. Wanafanya biashara ya viazi. Yotamu hununua viazi kwa wakulima na kuvipeleka Dar es Salaam kwa lori. Atuganile hubaki nyumbani kuchambua: vikubwa huku, vidogo kule, vilivyooza anapewa nguruwe wa jirani. Nguruwe huyo amenenepa kuliko mwenyekiti wa mtaa.

Wanaishi na mama yake Yotamu, Bibi Lusia. Yeye ni Mhehe wa Iringa aliyeolewa Mbeya. Ameishi hapa mpaka nywele zimekuwa nyeupe, lakini bado anasema viazi vya kwao ni vitamu zaidi.

Siku Atuganile alipoingia katika nyumba hiyo, Bibi Lusia alimpa somo.

"Mkamwana, mimba haisemwi. Ukiisema mapema, macho ya watu yataila. Wewe nyamaza. Tumbo litajisema lenyewe."

Atuganile alilishika somo hilo. Mwaka jana alipata mimba, akanyamaza. Kichefuchefu kikaisha ghafla. Baada ya siku chache damu ikatoka, na mimba ikaharibika. Yotamu peke yake ndiye aliyejua. Atuganile alilia chini ya blanketi. Utamliliaje mbele za watu mtu ambaye hukuwahi kumtaja?

Sasa alikuwa na mimba nyingine. Kila asubuhi alikwenda kutapika nyuma ya migomba. Harufu ya kitunguu kikikaangwa ilimfukuza jikoni. Alichoka hata kabla ya kufanya kazi. Akiulizwa, alisema ana amiba. Amiba hao walikuwa na adabu sana. Walikuja asubuhi, mchana wakapumzika. Bibi Lusia aliwasikia kila siku. Alishika kikombe chake cha chai, akageuza shingo, akatazama mlima.

Mwezi wa tatu ulikuwa unaelekea kuisha. Asubuhi moja Atuganile aliamka, akangoja kichefuchefu. Hakikuja. Akaenda jikoni, akakaanga kitunguu makusudi, akainama juu ya sufuria na kunusa. Kilinukia vizuri. Alipika ndizi, akala sahani nzima, akaongeza nyingine.

Alipokuwa analamba kijiko, hofu ikamkamata. Hata mwaka jana ilianza hivi hivi.

Aligusa tumbo. Akaligonga taratibu kwa kidole, kama mtu anayebisha hodi. Hakuna aliyejibu. Alimpigia Yotamu aliyekuwa Dar na mzigo. Simu ilikuwa imezimwa. Mama mkwe alikuwa hapo uani anapepeta maharage, lakini mimba haisemwi.

Atuganile akajifunga kanga, akaenda sokoni kwa mzee mmoja anayeuza mizizi.

"Shikamoo, babu. Nina rafiki yangu. Mimba yake imenyamaza."

"Marahaba. Ya miezi mingapi?"

"Wa tatu unaisha."

"Na kutapika kumeacha?"

"Kumeacha, babu. Leo ndizi zimenishinda kuacha." Akakohoa. "Zimemshinda. Yule rafiki."

Mzee hakuuliza zaidi. "Basi huyo mtoto kashaondoka. Chukua hii, achemshe, anywe yote. Itamsafisha tumbo."

Ilikuwa dawa ya kutoa mimba. Mzee hakumpima mtu, hakumgusa mtu. Alisikia habari za ndizi, akatoa hukumu.

Mchana huo Atuganile alichemsha ile mizizi. Mvuke mchungu ukajaa jikoni. Akamimina kikombe, akakiweka kipoe. Bibi Lusia akatokea mlangoni.

"Unachemsha nini?"

"Chai, mama."

"Chai ya nani?"

"Ya rafiki yangu. Anaumwa."

Bibi Lusia alivuta kigoda, akakaa kati ya mkamwana wake na kile kikombe.

"Huyo rafiki yako ndiye anayetapikia migomba yangu?"

Atuganile aliinamisha kichwa.

"Migomba imenawiri sana mwaka huu. Nilikuwa namtafuta nimshukuru," Bibi Lusia alisema. Kisha sauti yake ikashuka. "Mwanangu, hiyo harufu naijua. Hiyo si dawa ya mtu anayetaka mtoto. Hutaki mtoto?"

Atuganile akaanza kulia. "Namtaka, mama. Lakini nimeacha kutapika. Amekufa kama yule wa mwaka jana."

"Yule wa mwaka jana yupi?"

Ndipo Atuganile akasema yote. Bibi Lusia alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, bibi alimfuta machozi kwa pindo la kanga.

"Nilikufundisha kunyamaza," alisema. "Sikukufundisha kuniita. Hilo ni kosa langu, si lako."

Aliinuka, akamwaga kikombe, akamwaga na sufuria. Hata nguruwe wa jirani hakupewa. "Vaa viatu. Tunakwenda kupima."

"Yotamu hajui kuwa tunakwenda, mama."

"Yotamu anajua viazi. Twende."

Kwenye kituo cha afya walipokewa na nesi anayeitwa Paskalina, mama wa makamo mwenye sweta la bluu. Aliwakaribisha ndani, akafunga mlango, akasikiliza habari za mimba ya mwaka jana na za ile mizizi.

"Umetokwa na damu?" aliuliza.

"Hapana."

"Tumbo la chini linakata? Una homa? Kichwa kinauma sana?"

"Hapana. Nimeacha kutapika tu. Na nimekula ndizi nyingi."

"Kula ndizi si ugonjwa," nesi alisema. "Sikiliza, dada. Mwanzoni mwa mimba, mwili hupata mabadiliko makubwa. Ndiyo maana mama anatapika, anachoka, anakwenda haja ndogo kila mara. Mwezi wa tatu ukielekea kuisha, kondo la nyuma linashika kazi ya kumlisha mtoto, na mwili unazoea. Kwa akina mama wengi kichefuchefu hupungua. Nguvu zinarudi. Utamu wa chakula unarudi. Wengine huendelea kutapika mpaka mwezi wa nne au wa tano. Wengine hawatapiki kabisa, na watoto wao ni wazima."

"Lakini mbona hachezi?"

"Bado mdogo. Ana ukubwa kama wa ndimu. Ana moyo, mikono, miguu na vidole. Anajitikisa, ila wewe huwezi kumsikia. Kwa mimba za kwanza, wengi humsikia kwenye mwezi wa tano."

Bibi Lusia alisafisha koo. "Nesi, kwa hiyo ni mzima?"

"Bibi, sitasema ni mzima kwa kumtazama mama yake usoni. Mwaka jana mimba iliharibika, kwa hiyo tunapima. Tukishaona ndipo tutasema."

Atuganile alilazwa kitandani kwenye chumba cha altrasaundi. Alipakwa kitu kama mafuta ya baridi tumboni. Alifumba macho. Alisikia mkono wa mama mkwe wake umeushika wake, mgumu kama jembe.

"Fumbua macho," nesi alisema. "Pale panapopepesa ni moyo."

Katikati ya kioo cheusi palikuwa na kitu kidogo kinapepesa, haraka haraka, bila kupumzika. Atuganile alitazama mpaka machozi yakamwingia masikioni.

Bibi Lusia alisogeza pua karibu na kioo. "Ana kichwa kikubwa. Huyu ni wa kwetu, Iringa."

Siku hiyo hiyo Atuganile aliandikishwa kliniki. Alipimwa shinikizo la damu, mkojo, wingi wa damu, kaswende na virusi vya Ukimwi. Alipewa vidonge vya kuongeza damu.

"Ungekuja mapema zaidi," nesi alimwambia. "Mama akijua tu ana mimba, aje. Asingoje tumbo lionekane. Siku nyingine njoo na mumeo, naye apimwe. Tumia maharage, mboga za majani, mayai, matunda. Acha kula udongo."

"Udongo nani kakwambia?" Atuganile aliuliza.

"Uko kwenye jino."

Kisha nesi akasema kwa uzito. "Ukiona damu, maumivu makali ya tumbo, homa, au kichwa kinauma sana na macho yanaona giza, usimngoje mtu. Hata ukitapika mpaka maji hayakai tumboni, njoo. Na dawa yoyote, ya duka au ya mizizi, tuulize kwanza. Ile uliyotaka kunywa ingemtoa mtoto mzima, na wewe ungeweza kufa kwa kutokwa na damu."

Yotamu aliporudi alikuta mama yake na mkewe wanachambua viazi pamoja, wanacheka. Aliambiwa habari zote. Alikaa juu ya gunia, akauliza kliniki ni lini. Siku ilipofika alikwenda. Alipoona sindano ya kutolea damu aligeukia ukutani, lakini hakukimbia.

Mtoto alizaliwa kituoni wakati wa mvua, msichana mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Walimwita Tumpale, jina la Kinyakyusa la kumsifu Mungu.

Atuganile alipopata nguvu, familia ilikwenda kanisani kutoa shukrani. Walipeleka jogoo na debe la viazi vikubwa vilivyochaguliwa kimoja kimoja. Bibi Lusia aliomba kusema maneno mawili. Watu walijiweka sawa kwenye mabenchi, maana wanajua maneno mawili ya Bibi Lusia yana urefu gani.

Lakini siku hiyo alikuwa mfupi.

"Namshukuru Mungu kwa mjukuu," alisema. "Namshukuru nesi Paskalina aliyepima kabla ya kusema. Na wewe mkamwana, nakushukuru. Siku ile jikoni nilikuuliza, na ulinijibu."

Akamchukua Tumpale mikononi mwa mama yake, akarudi kukaa.