Vidole vya Tarsis

Makambako ilikuwa imezama kwenye ukungu asubuhi ile Tarsis aliporudi nyumbani kunywa chai, akamwambia mkewe Teodora kwamba vitufe vya taipureta vilikuwa na joto.

"Joto la jua?"

"Jua liko wapi, Mama Noela? Joto la mwili. Kama umeshika shingo ya mtu."

Tarsis alikuwa karani wa Mwingereza mmoja mnunuzi wa mbao. Mashine ile ilikuwa imemtesa miaka: vitufe vigumu, meza ya juu iliyomlazimu kuinua mabega kutwa nzima, na herufi za pembeni zilizoachiwa vidole vidogo visivyo na nguvu. Kila jioni Teodora alimkanda viganja kwa maji ya moto. Sasa ghafla vitufe vililainika, vikawa vinazama kabla hajavibonyeza. Tarsis akafurahi. Teodora hakufurahi, maana mikono ya mumewe ilianza kunuka nywele zilizoungua, na sabuni haikuiondoa harufu ile.

Kisha vidole vikakataa kutulia. Viligonga sahani, vikagonga benchi la kanisani, vikagonga ukuta hadi kucha zikang'oka, na alipovikunja ngumi vilijikunjua vyenyewe vikaendelea kugonga, huku mwenyewe akilia kama mtoto.

Teodora akamleta Bibi Vestina, mganga wa Mdandu, na Odilo, karani mwenzake Tarsis, asaidie kumshika. Dawa ilipofukizwa, vidole vikaanza kukimbia juu ya meza. Odilo akakodoa macho.

"Shemeji," alinong'ona, "najua kila herufi inakaa wapi. Vinaandika."

"Vinaandika nini?"

Odilo alivifuata kwa macho, akasoma. "'Huyu amechakaa. Nipeni mwingine.'"

Bibi Vestina akaimwagia dawa mikono ile, akikifokea kwa Kibena kitu kilichomwingia Tarsis kitoke, na chumba kikajaa mlio wa vyuma vikigonga karatasi, ingawa taipureta ilikuwa kule ofisini, mlio ukapanda ukutani, ukazunguka juu ya vichwa vyao, ukashuka, ukawapita mmoja mmoja masikioni, ndipo ukakatika.

Mikono ya Tarsis ikalegea. Aliomba maji, akashika kikombe mwenyewe. Teodora alipiga magoti akamshukuru Mungu.

"Kimemwacha," alisema Bibi, akikusanya vitu vyake.

Teodora alipoinuka amsindikize, alimkuta Odilo mlangoni, jasho linamtiririka, mikono yote miwili ameibana kwapani.

"Shemeji," alisema kwa sauti ndogo, "una kamba?"