Vitafunio vya Mkono Mmoja

Kila asubuhi Chiriku aliamka kabla ya wote, akafagia jikoni, akainjika chai. Walimpa jina hilo kwa sababu ya mdomo wake usiochoka. Lakini tangu mama aende kufanya kazi mji wa mbali, miezi mitatu sasa, chiriku huyo alikuwa kimya. Azungumze na nani? Baba, fundi wa mashine, alirudi jioni amechoka. Mdogo wake, Kibonge, alikuwa na miaka minne, na habari zake zote zilikuwa za tumbo.

Jumapili hiyo baba aliazima mashua ya makasia wakatembee ziwani, kama zamani.

"Vitafunio utaandaa wewe," alisema. "Si wewe ndiye mama wa nyumba sasa?"

Baba alitania, lakini Chiriku hakucheka.

Sheria ya mama aliijua: chakula cha mashuani huliwa kwa mkono mmoja, maana mkono wa pili umeshika mashua. Basi akachemsha mayai na kuyamenya kabisa, akakata karoti vijiti virefu, akapaka mikate siagi ya karanga. Akafunga mafungu manne. Alipolitazama la nne, akatambua amemfungia na mama. Akalifungua, akarudisha kila kitu kabatini.

Baada ya hapo hakuwa na hamu ya lolote. Maji ya kunywa yalikuwa hayajachemshwa. Akajaza chupa bombani.

"Maji umechemsha?" baba aliuliza mlangoni.

"Nimechemsha."

Njiani, muuza matunda wa pale kona akatia machungwa matano kapuni. "Ya Kibonge hayo," alisema, "asije akaila mashua."

Ziwani jua lilikuwa kali. Katika mashua ya jirani mama mmoja alikuwa akimfunga mwanawe kofia, na Chiriku akageuza uso. Kibonge alikula yai, akala la pili, kisha akasema, "Kiu!" Baba akafungua chupa, akampa.

Hapo Chiriku akakumbuka mwaka jana, Kibonge alipolazwa siku nne kwa kuhara, mama akilala sakafuni kando ya kitanda. Safari hii mama hayupo. Akamnyang'anya chupa kabla haijafika mdomoni.

"Sikuchemsha, baba! Nilikudanganya." Machozi yakamtoka. "Nilimfungia na mama chakula, nikachoka. Kila kitu nafanya peke yangu, na sina hata wa kumwambia."

Baba akaweka makasia ndani. Alimenya chungwa, akampa Kibonge, ambaye alilinyonya mpaka shati likaloa na kiu ikaisha. Ndipo baba akasema.

"Mwanangu, maji hayachemki kwa mdomo. Uongo wako ungemrudisha huyu hospitali. Umefanya vyema kusema mapema. Siku nyingine ukichoka, sema umechoka."

"Ndiyo, baba."

"Na mimi nimekosa. Kidole kimoja hakivunji chawa, nami nimekuachia nyumba nzima, tena nikaleta utani. Jioni maji nitachemsha mimi. Wewe utakaa kitini, unisimulie mambo ya wiki nzima."

"Yote?"

"Yote. Nyumba imekuwa kimya mno."

Akamenya chungwa jingine, akampa. Chiriku alilipokea kwa mkono mmoja. Mkono wa pili haukushika mashua. Ulimshika baba.