Sakafu Iliyokohoa

Kohoo!

Kikohozi kimoja, kizito, kutoka bafuni. Esnath aliruka kitandani akajibanza nyuma ya kabati, kabla hajakumbuka kwamba mwenye kikohozi kile, baba mkwe wake, walikwisha kumzika kule migombani.

Tangu aolewe aliishi hivyo. Kwa mila ya Wanyakyusa, mke hamtazami baba mkwe, haogi mahali anapooga yeye, wala halitaji jina lake. Mzee alikohoa, Esnath alikimbia. Alikimbia akiacha ndizi zikiungua. Alikimbia na mimba. Alikimbia na uchungu wa kuzaa, akajikunja nje usiku kwenye mvua ya Tukuyu, kwa kuwa mzee alikuwa anaota moto jikoni na hakutaka kuondoka.

Sasa nyumba ilikuwa yake na mumewe, Lugano. Lile bafu la mzee, lenye sakafu ya mabonde, alilitaka liwe na vigae vyeupe.

Fundi Lazaro alisawazisha kwa sementi. Akaweka pimamaji, kitone cha hewa kikatulia katikati. Asubuhi walikuta nyayo mbili zimezama sakafuni, vidole vikielekea chumba cha Esnath. Palinuka ugoro wa mzee, na chini ya sementi kukakohoa.

"Mama Aika," Lazaro alinong'ona, "nimesawazisha makanisa, nimesawazisha na baa. Hakuna sakafu iliyowahi kunikoholea."

"Sawazisha tena."

"Mke wangu, tuache," Lugano alisihi. "Mzee hataki. Mheshimu."

"Nimemheshimu mpaka nimesahau kutembea! Mimi ni kukimbia tu!"

Lazaro akamwaga sementi upya. Mchana kikohozi kikasikika mlangoni mwa bafu, Esnath akajificha. Kikasikika ukumbini, akajificha tena, meno yakisagana kwa hasira, na ndipo alipong'amua kwamba kila alipojificha, kile kitu kilisogea, kama mgeni anayefunguliwa milango.

Kisha Aika, binti yake, akapiga yowe.

Mtoto alikuwa ameingia bafuni kuchukua ndoo, na ile sakafu, iliyokuwa imeanza kukauka, ililainika kama uji ikammeza miguu, ikammeza magoti, huku Lazaro akimvuta mikono na Lugano akipiga magoti na kulia, "Ndaga, tata, ndaga," yaani asante, baba, na kwa kila neno la heshima mtoto akizama zaidi, hadi kiunoni, na kwenye kona sementi mbichi ikiinuka, ikifanya mgongo, ikifanya mabega, ikifanya kichwa kisicho na macho kilichomgeukia Esnath na kumkoholea apishe.

Miguu ya Esnath ikageuka yenyewe ikimbie. Akaikatalia. Akaingia bafuni, akasimama mbele ya kile kichwa.

"Mama Aika, usithubutu!" Lugano akalia. "Utatuua!"

"Jo..." Esnath akaanza kulitaja jina la mzee.

Bega la sementi likapasuka. Aika akapanda hadi magotini. Esnath akavuta pumzi, na mvua yote ya usiku ule wa uchungu ikampanda kooni.

"Toka nyumbani kwangu, Jotham!"