Sindano Ambayo Kaka Hakuihisi

Kila asubuhi kabla ya shule, Pini alimtungia kaka yake uzi kwenye sindano. Kaka alikuwa fundi cherehani, na kazi za mkono, kama vifungo na pindo, alizifanya mlangoni penye mwanga. Jina la Pini alilipata kwa wenzake wa timu ya mpira wa wavu kwa sababu ya ufupi wake. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na alipita chini ya wavu bila kuinama.

"Vumilia, mdogo wangu," kaka alimnong'oneza huku akishona kifungo. "Jioni nakuchoma sindano na wewe. Utawachungulia wote utosini!"

Kaka alikuwa akijichoma dawa za vichupa viwili alivyouziwa kwenye ukumbi wa mazoezi. Aliambiwa kwamba dawa hizo huuamsha mwili utoe homoni ya ukuaji, na ukizichanganya, nguvu huzidi. Kweli, kifua chake kilikuwa kimejaa. Mama hakuambiwa. Pini aliiona jioni iko mbali.

Mara akaona doa jekundu likitanuka kwenye shati jeupe. Sindano ilikuwa imezama kidoleni mwa kaka, naye bado anacheka.

"Kaka, kidole!"

Kaka akautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Mbona sisikii maumivu?" Kicheko kikamkauka. "Usimwambie Mama."

"Nitamwambia. Hata ukininunia mwaka mzima."

Mama hakupiga kelele. Alivibeba vile vichupa, wakaongozana hadi zahanati, ambako shangazi yao alikuwa muuguzi.

"Ganzi hii ilianza lini?" shangazi aliuliza.

"Wiki kadhaa. Nilidhani ni kazi."

Vidole vilikuwa vimevimba. Alipopimwa, sukari ilikuwa imepanda. Shangazi akakigeuza kichupa, akasoma kwa sauti: "Kwa utafiti wa maabara tu. Si kwa binadamu."

"Lakini shangazi, aliyeniuzia anatumia, na yuko kama simba!"

"Umemwona aliyejaa misuli. Walioumia umewaona? Hao hawajipigi picha kwenye kioo. Dawa hizi hazijaidhinishwa. Mchanganyiko huu sijui nani ameupima kwa watu akathibitisha kuwa ni salama. Hata kilichomo humu sikijui, na aliyekuuzia hakijui."

"Labda zinarefusha?" Pini aliuliza kwa sauti ndogo.

"Labda. Ila labda si dawa, mwanangu."

Kaka aliacha kujichoma, akawa anakwenda kwa daktari. Sukari ikashuka, ganzi ikapungua polepole.

Asubuhi moja ukelele ukasikika mlangoni: "Yalaa!" Mama akatoka mbio. Kaka alikuwa akinyonya kidole, machozi yakimlenga, huku anacheka.

"Imeniuma, Mama! Imeniuma!"

Mama akaketi kizingitini, akamshika mkono.

"Kitambaa ukikikata vibaya, utanunua kingine," alisema. "Mwili hauna duka. Kabla hujautia kitu, uliza nani amekithibitisha. Na muuzaji si shahidi. Mmenisikia?"

"Tumekusikia, Mama."

Pini akaiokota sindano, akaifuta, akatunga uzi upya.