Shangazi Anasikia

Kila alipotoka shule, Kasuku alipitia kwenye duka la ushonaji alikofanya kazi shangazi yake. Alikaa pembeni, akakata nyuzi zilizoning'inia kwenye nguo mpya, huku akipiga soga na kila aliyeingia. Jina hilo la utani hakulipata bure.

Shangazi alikuwa kinyume chake. Akishika mshono, dunia nzima haipo. Wateja wakimsalimia, hainui kichwa. Wakaanza kumsema kwamba anaringa. Kasuku aliona haya, na siku moja akamnong'oneza mteja kuwa shangazi yake ni kiziwi. Mteja akamhurumia. Uongo ukanoga, Kasuku akaurudia kwa huyu na yule, mpaka ukamfikia mwenye duka.

Mwenye duka, mama mwenye roho nzuri, alikuwa na cherehani kubwa ya kushonea maturubai. Mafundi wote waliikimbia kwa kelele zake. Akamhamishia shangazi hapo. Kama hasikii, kelele zitamfanya nini?

Kesho yake Kasuku alimkuta shangazi nje, amechuchumaa, ameziba masikio, anatetemeka. Alikuwa amesema anaacha kazi. Mwenye duka alisimama kando, haelewi kosa lake ni lipi.

Kasuku akamwendea mwenye duka. "Mama, shangazi anasikia," akasema. "Tena kutuzidi sisi sote. Mimi ndiye niliyedanganya."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Watu walisema anaringa."

Mwenye duka akavuta pumzi, kisha akamwambia shangazi kuwa kazi yake ipo na atarudi mahali pake siku hiyohiyo.

Shangazi alishusha mikono kutoka masikioni. Kisha akaeleza kuwa tangu utotoni kelele humuumiza, na salamu ya ghafla humpotezea maneno. Alitaka kwenda hospitali kujua sababu, ila aliogopa kuchekwa kwa umri wake. "Nisindikize," akamwambia Kasuku. "Lakini huko useme kweli tupu."

Walikwenda pamoja na baba yake Kasuku, kaka mkubwa wa shangazi, aliyesimulia utoto wa dada yake. Baada ya kuonana nao mara kadhaa, daktari alisema ni usonji: si kiburi wala uchizi, bali ni namna ubongo wake ulivyo tangu kuzaliwa. Wengi, akasema, hugundua wakiwa watu wazima. Alimpa shangazi vizibo vya masikio, na akashauri wateja wagonge meza taratibu kabla ya kumsemesha.

Njiani kurudi, shangazi alitembea kama aliyetuliwa mzigo.

"Umenikasirikia?" Kasuku akauliza.

"Nilikasirika. Najua ulitaka kunikinga, lakini uongo wako ulinificha hata kwa watu waliotaka kunisaidia. Siku nyingine ukiona sieleweki, usinitungie ugonjwa. Niulize mimi, hata kama jibu litachelewa."

Kasuku akafungua mdomo ajibu, akaufunga, akasubiri kama kuna zaidi.